Nyuso Nilizozilainisha

Nimewaona, wajukuu zangu. Juzi nilikwenda sokoni Kasulu kutafuta mawese, nikawakuta wawili mmesimama mbele ya mama anayeuza migebuka, simu mmezielekeza usoni pake kama mnampima homa. Hamkumsalimia. Hamkununua hata samaki mmoja. Mkapiga, mkaangalia kioo, mkacheka, mkaondoka zenu. Yule mama akabaki anajifuta uso kwa kanga na kumuuliza jirani yake, "Nina nini usoni?"

Nikajisemea hapana, watoto hawa nitaongea nao. Msiniambie bibi amepitwa na wakati. Kazi mnayoifanya nyie kwa kujifurahisha, mimi nimekula nayo, nimelala nayo njaa, nimejenga nayo nyumba ya vyumba vitatu. Naitwa Yustina, lakini huku wengi hawalijui hilo jina. Wananiita Mama Picha. Zaidi ya miaka thelathini nimezunguka na kamera kwenye masoko ya Kasulu na Kibondo, kuanzia Muyama mpaka Makere, Kifura mpaka Kakonko, wakati barabara hii mnayopita kwa raha ilikuwa vumbi jekundu tupu. Ukifika Kibondo hata mama yako hakutambui. Sasa nimestaafu, au niseme magoti ndiyo yamenistaafisha. Kamera nimeiweka kabatini na sina mpango wa kuitoa.

Aliyenifundisha ni Mzee Ruhuza wa Heru Juu. Mtu mfupi, mpole, sweta moja la kijani masika na kiangazi. Akiingia sokoni hatoi kamera. Anapita kwanza kila meza akisalimu, "Mwakeye, mwakeye," anauliza habari za watoto, habari za mvua, kisha anatafuta mama anayepika na kukaa kwenye benchi lake kama hana safari nyingine duniani. Mimi nilikuwa msichana mwenye haraka. Nilikuwa nakereka.

"Mzee, jua linapanda," namwambia.

"Kula kwanza."

"Tumekuja kupiga picha au kula?"

"Ukila kwake, anapata cha kukusema. Atasema unakula sana, atasema unakula kidogo. Akishakusema, amekuzoea. Hapo ndipo utoe kamera."

Mwanzoni niliona ni uroho wa mzee. Baadaye nikaja kuelewa. Sisi Waha, na msikatae, mtu akiona kamera anaacha kila kitu. Anafunga vifungo, ananyoosha mikono, anafunga mdomo, anakuwa kama anahojiwa polisi. Mzee Ruhuza alikuwa anasubiri mtu amsahau, akirudie chungu chake, amgombeze mtoto wake, acheke na jirani. Ndipo anapiga, moja tu, filamu ilikuwa na picha thelathini na sita na hakuna wa kukuongezea. Alikuwa anasema nitazame mikono kabla ya uso, maana mtu anaweza kuupanga uso, mikono hana habari nayo.

Siku moja pale Muyama tulimkuta mama anatwanga kisamvu uani kwake. Mzee akampiga akiwa katikati ya kutwanga, mchi uko juu, kitambaa kimeteleza, jasho linamtoka. Mama akashtuka. "Subirini!" Akaingia ndani. Tukasubiri weee, mpaka nikadhani amelala. Alipotoka alikuwa ameoga, kavaa gauni la kanisani, kapaka mafuta, na kinu amekiondoa kabisa asionekane nacho. Mzee akampiga tena, wima, uso mkavu. Tuliporudi na picha, yule mama aliipenda ya gauni, ile ya kinu akaitupa chini. "Mnanionyesha kwa watu nikiwa mchafu!" Mume wake akaiokota, akaipuliza vumbi, akaiweka ndani ya Biblia. Mama akamkasirikia mpaka tunaondoka.

Sasa msidhani mimi nilikuwa fundi tangu mwanzo. Nimeharibu, tena nimeharibu vya watu. Kuna mwalimu mmoja, mtu wa Tanga, alipangiwa kazi Kibondo akaoa hukohuko. Arusi nzima nimepiga mimi. Jioni ile nikataka kubadilisha filamu, nikafungua kamera kabla ya kuirudisha filamu kwenye kopo lake. Mwanga ukaingia. Arusi yote ikaungua pale mkononi mwangu. Niliwarudia maharusi baada ya siku tatu, nikawapigia magoti, wakakubali kuvaa tena. Lakini bibi arusi alikuwa ameshaanza kupika na kuchota maji, hana tena habari ya arusi, na amekasirika. Picha yao mpaka leo iko ukutani kwao. Bwana anatabasamu, bibi anatazama kamera kama anaidai. Watoto wao wananiambia, "Mama Picha, wewe ndiye uliyemkasirisha mama?" Nawaambia ndiyo, ni mimi.

Na nimejifunza vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna atakayewaandikia. Mama anayekaanga kwa mawese, simama upande upepo unakotoka, vinginevyo kioo cha kamera kinapata mafuta na picha zako zote za siku ile zitaonekana kama ukungu wa Heru. Ugali wa muhogo upige ukiwa unasongwa, ukishapakuliwa umechelewa, unakuwa jiwe tu. Jua la saa sita msishindane nalo, ingieni chini ya turubai, la bluu linawafanya watu waonekane wagonjwa, tafuteni jeupe. Asali ya Kibondo iwekeni mwanga uwe nyuma yake. Na mtu mzima msimpige mkiwa mmesimama na yeye amekaa. Chuchumaeni. Magoti yangu yaliishia huko.

Haya yote ni mambo ya mkono na jicho. Ninalotaka kuwaambia hasa ni jingine, na limenichukua miaka kulisema.

Filamu zilipokufa nikanunua kamera ya kadi. Laptopu niliipata kwa mwalimu aliyekuwa anahama, na printa ndogo ikafuata. Binti mmoja wa stesheneri pale Kasulu akanifundisha kutengeneza nyuso. Eeh, nilipenda! Unabonyeza, kipele kinaondoka. Unabonyeza, weusi chini ya macho unaondoka. Unavuta kidogo, uso unang'aa. Koti jeusi na shati jeupe nilikuwa nalo tayari mlemle ndani ya kompyuta, koti moja tu, nawavalisha wote, mwanamume kwa mwanamke. Nyuma naweka bluu. Mtu anakuja na fulana iliyotoboka, anaondoka na picha ya paspoti kama mkurugenzi. Watu walifurahi, wakaleta ndugu zao. Ikafika mahali siulizi tena. Kila uso ulioingia kwenye ile laptopu ulitoka laini. Simu zenu siku hizi zinafanya hivyohivyo zenyewe, hata hamjui kama zimefanya.

Na nilikuwa na tabia moja. Laptopu ilikuwa ya zamani, imejaa. Nikimaliza kutengeneza picha ya paspoti, naisevu juu ya ile ya mwanzo, ile ya mwanzo inapotea. Sikuona ubaya. Nani atakuja kutaka uso wenye chunusi wakati upo usio nazo? Picha za sokoni tu ndizo sikuzigusa. Ningesema ni kwa heshima ya Mzee Ruhuza, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki, lakini ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa ananiomba nizitengeneze.

Kambi za wakimbizi za Nduta na Mtendeli zilipofunguliwa tena, ndugu zetu wa Burundi walipokuja kwa wingi, mimi nilifuata watu kama wafanyabiashara wengine walivyofuata. Pembeni mwa kambi palikuwa na masoko ambapo wenyeji na wakimbizi walikuwa wanauziana. Siku moja niko Nduta, siku nyingine niko Mtendeli. Wao wenyewe hawakuwa na ruhusa ya kwenda huku na huku, mimi nilikuwa nakwenda.

Pale Nduta palikuwa na binti anaitwa Esperansi. Alikuwa anakaanga mihogo kwenye mafiga matatu, peke yake, mwenye adabu, sauti huisikii mpaka uiname. Umri wake labda miaka ishirini na miwili. Alikuwa na kovu la kuungua, linaanzia chini ya sikio la kushoto, linapita shavuni mpaka kidevuni, kisha linashuka shingoni. Kubwa. Lilikuwa linameta akiwa karibu na moto.

"Amahoro, mama," akanisalimu.

Nikakaa, nikala mihogo yake, nikasema chumvi imezidi, akacheka. Alipogeuka kugeuza mihogo nikampiga, ameinama, upande wa kushoto uko kwangu, mvuke unapanda. Picha nzuri, na nilijua palepale kwamba ni nzuri.

Akaniuliza kama napiga na picha ndogo. Nikasema ndiyo. Akafuta mikono, akaja kuchuchumaa mbele yangu, akanieleza. Wakati wanavuka kuja Tanzania walikuwa na mama yake, wawili tu, hawana mwingine. Watu wakawa wengi, wakakatwa makundi, yeye akajikuta kwenye gari la Nduta na mama yake hayupo. Ameuliza kila mtu. Wengine wanasema wa kundi lile la pili walipelekwa Mtendeli, wengine wanasema wapo waliofia njiani.

"Wewe unafika Mtendeli?"

"Kila wiki."

"Basi nipeleke," akasema. "Nipeleke kwa picha. Mama hajui kusoma, jina ukimwandikia halimsaidii. Ataona uso."

Pale sokoni Mtendeli palikuwa na mashine ya kusaga, banda la mbao, na ukuta wake wa mbele watu walikuwa wanabandika picha za waliopotezana na ndugu zao. Hakuna aliyeupanga utaratibu huo. Walianza wenyewe, kwa sababu kila mwanamke lazima afike mashineni, na akifika lazima asubiri, na akisubiri atatazama. Picha zilikuwa zinapata unga, na kila anayesubiri alikuwa anazipangusa kwa ncha ya kanga. Nikamwambia Esperansi nitambandika pale kwa mkono wangu.

Nikampiga wima, mbele ya shuka. Nikaenda nyumbani, nikafungua laptopu, na mkono wangu ukafanya kama ulivyozoea. Nikamvalisha koti. Nikaweka bluu. Na lile kovu nikalifuta, taratibu, kwa ufundi, nusu saa nzima, mpaka shavu likawa shavu. Ninawaambia bila kuficha, niliifurahia kazi yangu. Nilisema moyoni, maskini, leo nimemfanyia jambo jema mtoto wa watu. Nikaisevu juu ya ile ya mwanzo.

Nilipompelekea nakala yake aliishika kwa mikono miwili, hakuinua macho.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

Akajigusa shavu, hakuigusa picha. "Tangu nikiwa na miaka minne sijawahi kujiona hivi," akasema. Akatabasamu, mimi nikatabasamu. Wote wawili, watu wazima wenye akili, tumesimama pale na ile picha, na hakuna aliyesema kitu.

Nikaibandika mashineni Mtendeli, katikati ya ukuta, mahali pazuri.

Miezi saba, wajukuu zangu. Kila nikifika Nduta Esperansi ananiwekea mihogo kwenye karatasi, kisha anauliza, "Hakuna habari?" Namjibu bado. Mwanzo alikuwa anauliza nikiwa bado nashusha mzigo. Baadaye akawa anauliza nikishakula. Mwishoni akawa hasemi, ananitazama tu, na mimi natikisa kichwa. Majirani zake wakaanza kumwambia awe na moyo, pengine mama alibaki njiani. Mtu mmoja akasema alimwona mwanamke wa aina ile ameanguka karibu na mto. Mimi nikadhani vivyo hivyo. Nilisema, kama mama yupo Mtendeli angeshaiona ile picha, hakuna mwanamke asiyefika mashineni.

Nilikuwa na kawaida ya kufunga kamba sokoni na kuning'iniza picha kwa vibanio vya nguo, watu waje watafute za kwao, na hapohapo naweka zile nzuri za chakula ili wateja wazione. Siku hiyo, Mtendeli, niliweka ile ya Esperansi anayegeuza mihogo. Sijui kwa nini siku hiyo na si nyingine. Sikuwa na wazo lolote, nilikuwa na nafasi moja kwenye kamba.

Akapita mama mmoja, mwembamba, kabeba mfuko wa unga kichwani, ametoka mashineni maana unga ulikuwa mpaka kwenye kope. Akapita, akarudi nyuma hatua mbili. Akasimama mbele ya ile picha. Nikadhani anataka kununua, nikaanza kumweleza bei. Hakunisikia. Akainua mkono, akafunika picha kwa kiganja, akaacha shavu tu linaonekana.

"Huyu anakaa wapi?"

"Nduta."

"Anapumua?"

"Mama, anakaanga mihogo, nimekula kwake juzi."

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, mfuko wa unga ukaanguka ukapasuka. "Ni uwanje," akasema. "Ni uwanje. Ni wangu." Wanawake wakakusanyika, wengine wanamshika, wengine wanauzoa unga wake.

Mimi nikachanganyikiwa. Nikamwambia, lakini mama, picha yake iko pale mashineni, iko pale miezi saba, wewe unatoka pale sasa hivi! Akasema hakuna. Nikamshika mkono, nikamwongoza mpaka ukutani, nikamwonyesha. Akamtazama yule binti wa koti jeusi, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Huyu?" akasema. "Huyu namwona kila nikija kusaga. Huyu nilikuwa namwombea kwa Mungu apate mama yake." Akatikisa kichwa. "Lakini huyu si wangu. Wangu ana kovu. Mimi nilikuwa natafuta kovu."

Nilitaka ardhi inimeze. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nilisimama pale na unga unanirukia usoni na nikajua nimefanya nini.

Akanieleza mwenyewe, sikumuuliza. Sufuria ya maharage, mtoto ana miaka minne, mama amegeuka kuchukua kuni. "Lile kovu ni kosa langu," akasema. "Nimemwomba Mungu aliondoe miaka yote. Kila akiogeshwa nilikuwa naomba. Na wewe ukaliondoa siku moja tu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemshukuru.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Nduta. Esperansi nilimkuta kwenye mafiga yake. Alikuwa amenyoa kichwa. Jirani yake akanidokeza kabla sijafika kwake: wiki iliyopita walikuwa wamefanya msiba wa mama yake. Watu walichangishana maharage na unga, wakasali, wakalia, wakamaliza. Binti alikuwa amechoka kusubiri, alitaka amlilie mama yake apate kulala. Alimlilia mama ambaye siku hizohizo alikuwa Mtendeli kwenye foleni ya mashine, anampangusa unga usoni kwa kanga bila kujua ni nani.

Nikamwambia yote, sikuficha hata chembe. Nilisema, mama yako yupo, na kama si mimi ungemwona tangu mwezi wa kwanza. Mafuta yakawa yanaungua kwenye karai, hakuna aliyeyaangalia.

"Na mimi niliona," akasema mwishowe. "Niliona halipo. Nilijua mama atalitafuta. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimependeza."

Ndipo akalia, kwa sauti, mpaka watu wa upande wa pili wa soko wakaja. Nami nililia. Majirani waliokuwa wamemlilia marehemu wiki iliyopita walipoambiwa hayupo marehemu hawakujua washike lipi, mmoja akapiga kigelegele, mwingine akamfinya anyamaze.

Vibali vilichukua wiki kadhaa. Siku mama alipoletwa Nduta nilikuwepo. Alishuka kwenye gari, hakukimbia, alitembea kama mtu anayeogopa kumwaga maji. Akamshika binti yake kwanza shavuni, la kushoto. Kisha mkono ukapanda kichwani, ukakuta nywele hazipo.

"Umemnyolea nani?"

"Wewe, mama."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashindwa kusimama, na katikati ya kicheko kikawa kilio, wakashikana chini pale na mimi nikageuka upande wa pili. Kamera nilikuwa nayo begani. Sikuitoa.

Hadithi ingeishia hapo ningewasimulia siku nyingi, kwenye arusi na ubatizo. Lakini wiki ile nilirudi Mtendeli kuibandua ile picha mashineni. Mashine ilikuwa imezimwa, wanasubiri dizeli, na foleni ilikuwa ndefu. Nikaanza kutoa pini. Mama mmoja wa makamo akanishika mkono.

"Iache hiyo, mama. Huyo binti bado hajapata watu wake."

Nikamwambia amepata. Mama yake ni yule mwembamba mliyekuwa mnasaga naye. Wakashangilia foleni nzima. Kisha bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake akauliza, pole pole, kwa nini basi mama yake hakumwona muda wote huo. Nikawaeleza. Kulikuwa na kovu, nikalifuta. Ni mimi niliyefuta.

Yule bibi akanyanyuka, akaja ukutani, akaanza kuonyesha kwa kidole.

"Na huyu, mwenye koti hilihili? Na yule? Na huyu mtoto?"

Nikatazama. Sikuwa nimewahi kuutazama ule ukuta wote kwa pamoja, nilikuwa nabandika na kuondoka. Koti langu lilikuwa kila mahali. Bluu yangu ilikuwa kila mahali. Mbali na ya Esperansi, picha kumi na moja, nyuso kumi na moja laini, zote zinafanana kama watoto wa tumbo moja, na wanawake wamekuwa wakisimama mbele yao miezi na miezi wanatafuta mtu wao.

"Walikuwaje hawa?" akauliza bibi. "Tuambie wewe uliyewaona."

Nikakimbilia nyumbani, nikafungua laptopu, na nilijua kabla haijawaka kwamba hakuna kitu. Nilikuwa nimesevu juu. Nikaanza kuwatafuta wenyewe, mmoja mmoja, Nduta na Mtendeli. Saba niliwapata, nikawapiga upya kama walivyo, na chunusi zao, na meno yao, na jicho lililolegea, nikawabandika mimi mwenyewe. Watatu walikuwa wameondoka, wengine wamesharudi kwao, lakini niliwakumbuka, nikaandika chini ya picha kwa kalamu na nikawaambia wanawake kwa mdomo: huyu ana baka shingoni, huyu amekatika ncha ya sikio, huyu ana mwanya.

Akabaki mmoja, msichana. Nilikaa na picha yake mchana kutwa. Nilikumbuka kanga yake ilikuwa ya njano. Nilikumbuka aliniomba maji ya kunywa, nikampa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Nilikumbuka na sauti yake. Uso haukuja.

Baadaye Mtendeli ilifungwa, watu wakahamishwa, wengine wakarudi Burundi, banda la mashine likang'olewa mbao. Ile picha ya msichana wa kanga ya njano nilikuwa nimeiondoa kabla, ninayo hapa chumbani. Koti limemkaa vizuri, ngozi haina doa, ni msichana mzuri kabisa. Nimevaa miwani nikamtazama asubuhi, nikamtazama jioni, mwaka baada ya mwaka, na mpaka leo sijui nilimwondolea nini.